Wrath of the Lich King: Nyongeza Iliyomfikisha Kila Mchezaji Mwisho wa Kisa

Wrath of the Lich King ni nyongeza ya pili ya World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa fantasia ambamo maelfu ya watu hukutana kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiendesha mhusika wake. Iliundwa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani, ikatangazwa Agosti 2007 katika tamasha la BlizzCon, na ikaanza kuuzwa tarehe 13 Novemba 2008. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2.8, na mwezi haujaisha zilikuwa zimepita milioni 4. Ilileta bara jipya la Northrend, ikapandisha ukomo wa ngazi za wahusika kutoka 70 hadi 80, ikaanzisha aina mpya ya mhusika na kazi mpya ya mikono, na ikahitimisha kisa cha Mwanamfalme Arthas kilichoanza mwaka 2002.

Ukubwa wa bara na idadi ya nakala havitoshi kueleza kwa nini nyongeza hii inazungumzwa hadi leo. Umuhimu wake umo katika jibu lililotolewa kwa swali gumu la michezo ya aina hii: nani ana haki ya kufika mwisho wa kisa? Kabla yake, mwisho ulikuwa wa wachache wenye muda na makundi makubwa. Baada yake, ukawa wa wote. Jibu hilo lilikuwa na gharama yake, na makala hii inaeleza vyote viwili.

Nyongeza katika mchezo wa mtandaoni

World of Warcraft ilitoka Novemba 2004. Mchezaji alinunua mchezo, kisha alilipa ada ya kila mwezi, ambayo Marekani ilikuwa dola 14.99. Humchagulia mhusika wake kabila na fani, humweka upande wa Alliance au wa Horde, kisha humpandisha ngazi kwa kutimiza misheni na kupigana. Akifika ngazi ya juu kabisa, kazi hubadilika: sasa hutafuta wenzake ili waingie pamoja katika ngome zenye maadui wakuu na kugawana ngawira, yaani silaha na deraya bora zaidi.

Nyongeza haianzishi mchezo mwingine. Wahusika ni walewale, na mali zao, marafiki zao na majina waliyojijengea hubaki. Watengenezaji hufungua nchi mpya, huinua ukomo wa ngazi na kubadili sheria, huku watu wakiendelea na maisha yao mle ndani. Ni sawa na kukarabati soko wakati wachuuzi wako mezani wanauza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mabadiliko ya Wrath of the Lich King iliwafikia hata wasionunua nyongeza yenyewe, kupitia sasisho namba 3.0.2 lililotolewa Marekani tarehe 14 Oktoba 2008.

Nyongeza ya kwanza, The Burning Crusade ya Januari 2007, ilikuwa imeacha funzo. Adui aliyetangazwa kuwa kinara wake, Illidan, alikaa juu ya Black Temple, mahali ambapo wengi wa walioinunua hawakukanyaga kamwe. Walilipia kisa wasichokiona kikimalizika.

Kisa cha Arthas

Arthas Menethil alikuwa mwana wa Mfalme Terenas wa Lordaeron, na habari zake zinaanza katika Warcraft III: Reign of Chaos ya mwaka 2002. Tauni ya kichawi ilipoingia nchini, ikiua watu na kuwafufua wakiwa misukule wasio na hiari, Arthas aliamua kuwachinja wakazi wa mji wa Stratholme kabla hawajageuka. Mwalimu wake Uther alikataa kushiriki. Jaina Proudmoore, mwanamke aliyempenda, aligeuka akaondoka. Arthas alimfuata adui hadi Northrend, akautwaa upanga wa Frostmourne, na upanga ukaichukua roho yake. Aliporudi nyumbani alimuua baba yake juu ya kiti cha enzi.

Katika The Frozen Throne, nyongeza ya mchezo huo ya mwaka 2003, alivaa kofia ya chuma ya Lich King, mtawala wa wafu, na nafsi yake ikaungana na ya Ner'zhul aliyekuwa amefungwa ndani yake. Kwa miaka mitano wachezaji walijua ameketi huko kaskazini. Nyongeza ya 2008 iliwapeleka kwake.

Safari hii watengenezaji hawakumficha hadi siku ya mwisho. Arthas hujitokeza tangu mwanzo, mara kama kivuli, mara kwa mwili, akimdhihaki na kumtisha mtu ambaye bado yuko ngazi ya 70 na kitu. Mchezaji anayecheza peke yake jioni, asiye na chama cha wachezaji, humfahamu adui wake sawasawa na bingwa wa uvamizi, yaani mashambulizi ya makundi makubwa.

Bara la Northrend

Wachezaji huingia Northrend kwa njia mbili: Borean Tundra upande wa magharibi, au Howling Fjord upande wa mashariki. Njia hizo mbili zilipunguza msongamano wa siku za kwanza na kumpa mtu sababu ya kurudi na mhusika wa pili.

Kila jimbo lina sura yake. Howling Fjord ni nchi ya majabali na ya majitu ya Vrykul, waliobuniwa kwa kufuata taswira ya mabaharia wa kale wa Skandinavia. Pwani zina Tuskarr, watu wenye umbo la sili wenye pembe, wanaoishi kwa uvuvi. Grizzly Hills ni misitu ya misonobari, na muziki wake ni miongoni mwa unaokumbukwa zaidi katika mchezo mzima. Katika Zul'Drak watu wa ufalme unaoanguka wanawaua miungu wao wenyewe ili wapate nguvu za kuwazuia misukule. Sholazar Basin ni pori la joto katikati ya theluji, likilindwa na mitambo ya Matitani, viumbe walioutengeneza ulimwengu huo. Storm Peaks ni milima mirefu yenye mji wa kale wa Ulduar, na Icecrown ni makao ya Lich King mwenyewe.

Kuruka angani kwa mnyama au chombo kuliruhusiwa ngazi ya 77 tu, kwa mafunzo ya dhahabu 1,000. Kwa hiyo mchezaji alilazimika kwanza kuipita nchi kwa miguu na kwa farasi, akayajua mabonde na njia zake. Juu ya msitu wa Crystalsong ulielea mji wa Dalaran, uliohamishwa na wachawi wake kutoka kusini, ukawa makutano ya pande zote mbili.

Jimbo la Wintergrasp lilitengwa kwa vita kati ya Alliance na Horde. Kila baada ya saa chache upande mmoja ulishambulia ngome na mwingine ukailinda, kwa mitambo ya kubomolea kuta. Aliyeshinda alipata ruhusa ya kuingia Vault of Archavon, yenye zana nzuri. Watu walijaa kiasi cha kulemea seva, na baadaye idadi ya washiriki ikawekewa kikomo.

Death Knight: mhusika anayeanza upande wa adui

Aina mpya ya mhusika iliitwa Death Knight, askari aliyekufa na kufufuliwa amtumikie Lich King. Hakuanza ngazi ya 1 kama wengine. Alianza ngazi ya 55, na aliyetaka kumtumia alipaswa kuwa tayari na mhusika mwingine aliyefika ngazi hiyo.

Vitani, Death Knight wa wakati huo alitumia runi sita: mbili za damu, mbili za barafu na mbili za uozo. Kila pigo lilikula runi, na runi iliyotumika ilijirudisha baada ya sekunde 10. Mapigo hayo yalikusanya nguvu nyingine iliyotumika kwa mashambulizi makubwa. Mchezaji hakupanga pigo la sasa tu. Alipanga na yatakayofuata runi zikirudi.

Jambo lililowagusa wengi zaidi ni misheni zake za mwanzo. Mchezaji huamka Ebon Hold, ngome inayoelea angani, na kwa amri ya Lich King hushambulia vijiji, huchoma nyumba na kuua wasio na silaha. Kisha jeshi lake hutumwa Light's Hope Chapel, ambako shujaa Tirion Fordring anawazuia. Hapo hugundua kwamba Lich King aliwatoa kafara kama chambo. Ndipo Darion Mograine, kiongozi wa Death Knight hao, na wenzake wanamwasi bwana wao, na mchezaji anarudi kwa watu wake, ambao barabarani humtupia vitu vilivyooza na matusi. Ndani ya saa chache mchezo umemtwika mtu dhambi, usaliti na aibu ya kurudi, bila kumwacha asome hotuba ndefu.

Nchi inayobadilika kwa vitendo vya mchezaji

Tatizo la zamani la michezo ya aina hii ni kwamba dunia haiwezi kubadilika. Ukiokoa kijiji, mwenzako anayefuata anapaswa kukikuta bado kinateketea. Katika Northrend mbinu ya kuweka tabaka kadhaa za mahali pamoja ilitumika kwa upana: kila mchezaji huonyeshwa tabaka linalolingana na hatua aliyofikia. Kambi aliyoiteka Icecrown hubaki yake, yenye bendera na walinzi.

Mfano mkubwa wake ni Wrathgate, jimboni Dragonblight. Majeshi ya Alliance na Horde yanakusanyika pamoja mbele ya lango la Lich King. Arthas anatoka na kumuua kamanda wa Horde, Saurfang Mdogo. Kisha Putress, mwanakemia wa watu wa Undercity, anawamwagia wote sumu, wa kwake na wa adui, na Bolvar Fordragon, kamanda wa Alliance, anatoweka katika moto wa mazimwi. Wakati huo, baada ya filamu hiyo fupi mji wa Undercity ulibadilika, na mchezaji alishiriki vita vya kuukomboa.

Mbinu hiyo ilikuwa na kasoro yake. Marafiki wawili waliosimama mahali pamoja lakini kwenye hatua tofauti hawakuonana. Kadiri kisa kilivyomweka kila mtu kuwa shujaa, ndivyo kilivyomtenga kidogo na mwenzake. Mvutano huu unajirudia katika nyongeza nzima.

Kazi, mafanikio na mitindo miwili

Kazi mpya ya mikono ilikuwa uandishi wa kichawi. Mwandishi alisaga mitishamba apate rangi, akaigeuza wino, kisha akaandika alama zilizobadili nguvu za wahusika, akaziuza mnadani. Mfumo wa mafanikio nao uliandika rekodi ya kila jambo alilofanya mhusika, kuanzia kuzuru kila jimbo hadi kumshinda adui kwa masharti magumu. Waliokuwa hawana hamu ya vita walipata njia yao ya kujivunia.

Sasisho 3.1 lilimruhusu mhusika kuweka mitindo miwili ya mapigano na kuihama kwa urahisi, kwa malipo ya dhahabu 1,000. Tabibu aliweza kuwa mshambuliaji anapocheza peke yake, kisha akarudi kuponya wenzake jioni. Makundi yaliyokosa mtu wa kukinga au wa kuponya yalipata nafuu kubwa.

Ngome na uvamizi

Nyongeza ilifunguliwa na ngome 12 za watu watano, miongoni mwake Utgarde Keep, The Nexus, Azjol-Nerub na Culling of Stratholme, ambamo mchezaji hurudishwa nyuma katika wakati na kuandamana na Arthas siku ya mauaji yale.

Uamuzi mkubwa ulikuwa katika uvamizi. Katika mchezo wa awali, uvamizi mwingi ulihitaji watu 40, na katika The Burning Crusade wengi zaidi ulihitaji 25. Sasa kila uvamizi ulikuja kwa namna mbili, watu 10 au watu 25. Naxxramas, ngome iliyotolewa mwaka 2006 na kuonwa na wachache mno, ilirudishwa kwa sura hizo mbili. Marafiki kumi walitosha.

Baada ya hapo masasisho yalifuatana. Aprili 2009 ilifunguliwa Ulduar, yenye maadui wakuu 14, na wachezaji wengi huihesabu kuwa kati ya kazi bora za Blizzard. Ugumu wake haukuwekwa kwenye orodha ya kuchagua. Uliamshwa kwa vitendo. Ukiuharibu moyo wa mtambo wa XT-002, unageuka mkali zaidi. Ukibonyeza kitufe chekundu cha Mimiron, chumba kizima kinaanza kuungua. Anayetaka kumkabili Yogg-Saron, adui mkuu wa ngome hiyo, kwa ugumu wa mwisho huacha msaada wa walinzi wote wanne wa Ulduar. Algalon, adui wa siri, alipatikana kwa saa moja tu kila wiki. Kwa namna hiyo chumba kilekile kilimfaa anayejifunza na bingwa.

Agosti 2009 ilileta Trial of the Crusader, mashindano ndani ya uwanja mmoja. Desemba 2009 ikafika Icecrown Citadel, yenye mapambano 12, iliyofunguliwa mrengo baada ya mrengo. Pambano na Lich King lilianza Februari 2010. Miezi ilivyopita, mchezo uliwaongezea wavamizi nguvu kwa asilimia 5 kila awamu hadi 30, ili makundi ya kawaida nayo yapite. Chama cha Paragon cha Finland kilikuwa cha kwanza duniani kumshinda kwa kiwango kigumu cha watu 25, Machi 2010.

Pambano lenyewe limesukwa kwa ufundi. Nguvu za Arthas zikibaki asilimia 10, huwaua wavamizi wote kwa pigo moja. Tirion huvunja Frostmourne, roho zilizofungwa ndani yake huachiliwa, na mzimu wa Mfalme Terenas huwafufua wachezaji wamalizie kazi. Arthas hufa mikononi mwa baba aliyemuua. Kwa kuwa wafu wasio na mtawala wangeisambaratisha dunia, Bolvar aliyeungua anavaa kofia na kukaa katika kiti kile, na walimwengu wanaambiwa tu kwamba Lich King amekufa. Mwisho huu unapendwa kwa sababu ushindi wake unabaki na mzigo.

Kitafuta kundi

Sasisho lililofungua Icecrown Citadel lilileta pia chombo kidogo kilichobadili maisha ya kila siku kuliko ngome yoyote. Kabla yake, aliyetaka kuingia ngome alisimama mjini, akatangaza kwenye gumzo, akangoja, kisha kundi likasafiri hadi langoni. Sasa alibonyeza kitufe. Mfumo ukamtafutia wenzake wanne kutoka seva kadhaa na kuwapeleka ndani moja kwa moja.

Faida ilikuwa kubwa. Mtu mwenye saa moja baada ya kazi aliweza kucheza. Asiye na marafiki hakuachwa nje. Lakini zamani aliyeiba ngawira au kutukana wenzake alijulikana kwenye seva yake, na kesho alikosa wa kumchukua. Tabibu stadi alikumbukwa kwa jina na kuitwa tena. Wageni watano wanaokutana kwa dakika ishirini hawana kesho ya pamoja, kwa hiyo salamu zilipungua na subira ikaisha upesi. Hakuna aliyeamuru hayo. Yalitoka kwenye sheria mpya ya namna watu wanavyokutana.

Tauni ya misukule

Oktoba 2008, kabla ya uzinduzi, mchezo ulipitisha tukio la siku chache. Masanduku yenye sumu yalionekana bandarini. Aliyeyagusa aliambukizwa, akafa na kuwa msukule anayeweza kuambukiza wengine. Mwanzoni tauni ilikaa mwilini dakika 10 kabla ya kuua, kisha muda ukafupishwa siku hadi siku, hadi miji mikuu ikatekwa. Wapo waliojitolea kuwaponya wageni, waliokimbilia mashambani, na walioueneza ugonjwa kwa makusudi. Wengine walilalamika kwamba biashara na misheni zao zimesimama.

Tukio hilo liliwakumbusha wengi tauni ya bahati mbaya iliyozuka mchezoni mwaka 2005, ambayo wataalamu wa magonjwa ya mlipuko Eric Lofgren na Nina Fefferman waliijadili mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Mara hii tauni ilipangwa, na ilimfundisha mchezaji kwa mwili wa mhusika wake maana ya adui anayemwendea kaskazini.

Kuenea kwake

Waliojiandikisha walipita milioni 11.5 kufikia Desemba 2008, na Oktoba 2010 wakafika milioni 12, idadi kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo huo. Kilele cha mwisho kilisaidiwa na China, ambako nyongeza ilichelewa karibu miaka miwili. Uendeshaji ulihama kutoka The9 kwenda NetEase Juni 2009, vibali vikachukua muda, na uzinduzi ukafanyika tarehe 31 Agosti 2010.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 2008 ulikuwa bado wa setilaiti. Ishara ilipanda takriban kilomita 36,000 na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia ileile, hivyo kila amri iligharimu karibu nusu sekunde kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote. Katika pambano ambamo moto unaua kwa sekunde mbili, hiyo ni hasara isiyofidiwa kwa ustadi. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, ikaziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na Ulaya na India, miezi michache baada ya Ulduar kufunguliwa. Hata hivyo seva rasmi zilibaki nje ya Afrika, na umbali huo mchezaji wa huku aliendelea kuulipa.

Urithi

Nyongeza iliyofuata, Cataclysm ya Desemba 2010, iliuza nakala milioni 3.3 siku ya kwanza, lakini idadi ya wachezaji haikupanda tena kupita ile ya Oktoba. Mambo mengi yaliyoanza Northrend yalikwisha kuwa kawaida: uvamizi wa ukubwa tofauti, viwango vya ugumu, mafanikio, na kutafutiwa kundi na mfumo. Michezo mingine, ikiwemo Final Fantasy XIV katika toleo lake la 2013, nayo ilijenga vitafuta kundi vinavyovuka mipaka ya seva.

Tarehe 26 Septemba 2022 Blizzard ilitoa Wrath of the Lich King Classic, ikirudisha nyongeza karibu kama ilivyokuwa. Mwanzoni kitafuta kundi kiliachwa nje kwa makusudi, ili watu wasafiri, wazungumze na wajuane. Mwaka 2023 kikarudishwa, kwa sababu wahusika wapya na waliochelewa walishindwa kupata wenzao. Hoja zilezile za mwaka 2009 zilijadiliwa upya na kizazi kilichojua matokeo yake, na bado pande zote mbili zilikuwa na haki.

Anayetengeneza nyongeza ana mengi ya kujifunza hapa. Northrend ilipendwa kwa milima yake, muziki wake na kisa chake, lakini kilichodumu zaidi ni sheria: kundi la watu kumi, ugumu wa kujichagulia, kitufe cha kutafuta wenzako. Kumfungulia kila mtu mlango wa mwisho wa kisa lilikuwa jambo la haki, na waliokuwa wamefungiwa nje kwa kukosa muda walistahili kuingia. Kazi iliyobaki kwa wanaofuata ni kuupanua mlango huo bila kuondoa sababu za wanaoingia kufahamiana.